Tundu la Kwanza ni la Nani?

Nyinyi mafundi wa siku hizi mko na raha sana, na hiyo raha ndiyo imewaharibu. Mnaingia nyumba ya mtu, mnabandika kisanduku kimoja chenye masikio ukutani, mnaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, mnapiga picha mkiwa mmekunja mikono, mnaenda zenu. Mwenye nyumba akihamia chumba cha nyuma mtandao unapotea, na akiwapigia simu mnamwambia ni ukuta. Ukuta! Kwani mlipokuja mlidhani nyumba imejengwa kwa mapazia?

Mimi naitwa Mutua. Nilianza kuvuta waya miaka ya tisini, kwanza waya za simu pale Kajiado. Simu za nguzo zilipoanza kufa tukafutwa kazi pamoja nazo, nikageukia waya za kompyuta kwenye nyumba za watu Kitengela, mpaka magoti yakakataa ngazi. Sasa nimekaa. Juzi fundi mmoja, kijana mwenye ndevu za kuchongwa, alinionyesha kwenye simu yake picha ya kazi aliyofanya, akitaka nimsifu. Nikavaa miwani. Nyuma ya televisheni kulikuwa na rundo la waya za rangi zote, zimefungwa pamoja na kamba ya viatu. Nikamuuliza, "Hii ni kazi ama ni kiota?" Akacheka. Mimi sikucheka, na ndiyo sababu naandika haya.

Kazi nilifundishwa na msimamizi wetu wa simu, Mzee Kilonzo, mtu mfupi, kofia ya sufu hata kwenye jua la Januari, na mdomo usio na breki. Ukimaliza kuunga waya alikuwa anakuja, anashika kiungo kwa vidole viwili, anavuta. Kikitoka, anakuangalia kwa huruma kama mtu aliyekuja matangani, halafu anauliza, "Kwenu mmezaliwa wangapi?" Ukimwambia, anatikisa kichwa. "Na hakukuwa na mwingine wa kutuma?"

Lakini alichonifundisha bado kinafanya kazi hata kama waya zimebadilika, kwa hivyo fungueni masikio. Usivute waya kwa hasira. Ikigoma mahali, nenda ukaone kilichoishika. Acha urefu wa ziada kila mwisho, maana siku moja utakata vibaya, na waya haijui kurefuka. Usiilaze kando kwa kando na waya ya stima. Zile jozi zilizosokotana ndani yake, ukizifungua zifungue kidogo tu, upana wa ukucha, kwa sababu ule msokoto haukuwekwa kiwandani kwa urembo. Naona nyinyi mnazifungua mpaka kwenye kiwiko halafu mnashangaa kwa nini picha inagandaganda. Na mkifunga kwa vikanda vya plastiki, msikaze kama mnafunga mzigo wa makaa.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya kuhesabu. Ukifika mahali popote, iwe shule, ofisi ya serikali au boma la mtu, simama langoni kama mgeni anayeingia. Nyumba ya kwanza upande wa mkono wako wa kulia ndiyo nambari moja. Halafu zunguka. "Karatasi italiwa na mchwa," alikuwa anasema, "na wewe mwenyewe utahamishwa Namanga. Atakayekuja nyuma yako atajuaje waya gani inaenda wapi? Asimame langoni, ahesabu." Nilihesabu hivyo kwenye simu, na nilipoingia kwenye kompyuta nikaendelea kuhesabu hivyo hivyo. Haikuwahi kuniletea shida mpaka nilipofika kwa Mzee Lekishon.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie Kitengela ilikuwaje. Ilikuwa vumbi la simiti na mabango ya ploti. Kila mtu alikuwa anajenga. Waliouza ng'ombe wanajenga, waliouza shamba wanajenga, waliochukua mkopo wa chama wanajenga na wanaomba. Choo kimewekwa marumaru kutoka ng'ambo, ngazi zimezunguka kama za hoteli, lakini ukifika kwenye mambo ya waya mwenye nyumba anakuuliza kama askari wa lango hawezi kuzipitisha yeye, si ako na mikono? Na ukimwambia uweke paneli, anakuuliza, "Itaonekana?" Ukisema itakaa kabatini, basi haitaki.

Kulikuwa na mama mmoja huko nyuma ya soko, mama wa kanisa, mpole sana. Alinisumbua wiki nzima kwamba mtandao wake unakufa kila siku baada ya chakula cha mchana. Nikabadilisha soketi. Nikabadilisha waya. Nikalaumu mvua ambayo haikuwa imenyesha. Mwishoni nikakaa pale kwenye kochi nikangoja, na nikaona. Ile swichi, kisanduku kinachogawa mtandao, alikuwa ameifumia kitambaa! Cheupe, chenye maua pembeni, sawasawa na vile vya makochi na vya redio. Imefunikwa gubigubi, jua la dirishani linaipiga, inatokota. Nikamwambia, "Mama, hii kitu inataka hewa." Akaniambia, "Na wageni wakikuja waipate uchi?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kitambaa kilitoka nikiwepo. Nikienda, sijui.

Sasa paneli yenyewe, kwa wale ambao hawajawahi kuiona kwa sababu hawajawahi kufanya kazi vizuri. Ninayoizungumzia ni fremu ya chuma yenye matundu matupu. Kila waya inayotoka kwenye nyumba au chumba inaishia kwenye kijisoketi kidogo. Ukikisukuma ndani ya tundu kinaingia kwa mlio mdogo, tak. Ukibonyeza kijilimi chake kinatoka. Unanunua vijisoketi kadiri ya waya ulizonazo, na matundu mengine yanabaki wazi yakingoja mtoto aoe au chumba kiongezwe. Upande wa mbele unaunganisha kila tundu na swichi kwa waya fupi. Mtu akitaka kubadilisha kitu, anabadilisha hapo mbele kwa vidole, bila kupanda darini wala kubomoa ukuta. Basi. Ni kitu rahisi, na kwa sababu ni rahisi mnakidharau.

Mzee Lekishon alikuwa mfugaji wa Kimaasai mwenye shamba kubwa kando ya barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela kabla hujafika Isinya. Alikuwa ameuza kipande chake, na kwa hizo pesa akajenga boma jipya ndani ya ukuta wa mawe. Nyumba mbili za mawe zinazotazamana, moja kila upande, moja iko na roshani na nyingine haina. Katikati ya uwanja ofisi ndogo ya Mzee. Na lango. Ai, lile lango! Chuma kitupu, milango miwili, kila mlango umechomelewa kichwa cha fahali na pembe zake, chini yake ngao, vyote vimepakwa rangi ya dhahabu. Lilikuwa limeelekea barabara kuu, ili mabasi ya Kajiado na malori yanayotoka mpakani yalione. Jioni Mzee alikuwa anasimama hapo na fimbo yake akiangalia magari yakiangalia lango.

Kabla yangu alikuwa ameleta fundi mwingine kutoka Nairobi, mwenye tai, aliyetaka aitwe Injinia. Injinia alitundika waya juu ya ua wa miiba wa zizi, kutoka nyumba hadi nyumba, akapokea heshima zake, akaondoka. Mbuzi walikula mtandao wote kabla Jumapili haijafika. Kwa hivyo Mzee aliponiita alikuwa tayari na hasira.

"Sopa, fundi."

"Epa, Mzee."

"Wewe waya zako zinaliwa?"

"Zangu zinalala ndani ya bomba, Mzee, na bomba linalala ndani ya ardhi. Labda mbuzi wako wajifunze kuchimba."

Akacheka, akanipeleka ofisini, akafunga mlango. Hapo ndipo aliniambia shida yenyewe, na haikuwa ya mbuzi.

Alikuwa na wake wawili. Mama Lemeki, yule mdogo, alihamia nyumba yake ya mawe rangi ikiwa bado mbichi, na alikuwa amejifungua mtoto humo. Mama Naisiae, mke wa kwanza, alikataa kuhama. Alikuwa bado kwenye nyumba ya mabati iliyobaki ya boma la zamani, huko kwenye kona, na nyumba yake ya mawe ilikuwa imefungwa, viti viko na plastiki juu. Hakugomba, hakulia, hakwenda kwa mchungaji kushtaki. Ukimuuliza anasema yuko sawa pale alipo.

Na Naisiae, binti yake wa kwanza, alikuwa anaposwa. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wanatarajiwa Jumamosi iliyokuwa inakuja, na wageni kama hao hukaribishwa nyumbani kwa mama wa msichana.

"Sasa watakaa wapi?" Mzee akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye nilioa. "Kwa mabati? Na nyumba ya mawe iko hapo tupu, wanaiona? Watasema mke wa Lekishon amemkataa. Siku ya mnada Kajiado wataniongelea mpaka ng'ombe wasikie."

"Pole, Mzee. Lakini mimi ni mtu wa waya."

"Ndio nimekuita."

Mpango wake ulikuwa huu. Mama Naisiae alikuwa anaongoza kikundi cha kina mama wa kanisa wanaoshona shanga, na maagizo yalikuwa yanakuja kwa barua pepe. Ili azisome ilibidi aende saiba ya Kitengela, kwa kompyuta za kulipia, apange foleni nyuma ya vijana wanaocheza michezo ya kupigana. Basi Mzee aliwaza: nitie mtandao kwenye ile nyumba ya mawe, uwe mzuri kuliko wa mtu yeyote, niweke na kompyuta juu ya meza, na mwenyewe atahama. "Mwanamke akionja hiyo kitu," akasema, "hawezi kurudi kwa mabati."

Nimefanya kazi kwenye nyumba nyingi, vijana wangu, na wanaume ni wale wale. Mtu yuko tayari kuchimba mtaro uwanja mzima, kununua bomba, kununua mnara wa kuwekwa juu ya paa, ilimradi tu asimuulize mke wake swali moja na kukaa chini angoje jibu. Lakini mimi kazi yangu ni mtaro. Nikachimba.

Nilichimba chini sana, kwa sababu kwato za ng'ombe haziheshimu bomba. Nikaweka waya ya kila nyumba kwenye bomba lake, mbali na stima. Juu ya paa la ofisi nikasimamisha kile kisahani cha kuleta mtandao kutoka Kitengela mjini, siku hizo hakuna fiber, na ndani ya ofisi nikafunga kabati dogo lenye mlango wa kioo. Mzee alisisitiza kioo. Alitaka wakwe waone taa zikimetameta, eti wajue msichana ametoka kwenye boma lenye akili. Ndani ya kabati nikaweka paneli yangu. Nikasimama langoni kama Kilonzo alivyonifundisha. Nyumba ya mkono wa kulia, tundu la kwanza. Nikazunguka mpaka ya mkono wa kushoto, tundu la pili. Matundu mengine wazi, yanangoja wavulana wakue. Nikaandika lebo kwa mkono wangu mzuri: moja, Mama Lemeki, mbili, Mama Naisiae. Waya zimechanwa, zimelala, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Haki, nilisimama hapo nikaiangalia nikaona raha peke yangu. Kama Kilonzo angekuwa hai angevuta kiungo kimoja na kukosa la kusema.

Siku ya Jumatano Mzee akamtuma mtu amwite Mama Naisiae aje aone. Akaja pole pole, mwanamke mrefu, shuka imefungwa begani, miwani ya kusomea inaning'inia shingoni kwa uzi wa shanga.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimia mama.

"Iko." Akatabasamu. "Huyu Mkamba amefundishwa na nani?"

Mzee alikuwa anaruka ruka kama mtu wa mnada. Akafungua kabati. "Angalia! Taa hizi zote! Hii yako iko na spidi, hata kule Nairobi hawana. Kompyuta iko mezani, ngoja nikupeleke."

Mama Naisiae hakwenda mahali. Akavaa miwani, akainama, akasoma lebo. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akarudi kwa ya kwanza.

"Fundi, hii moja ni ya nini?"

"Ni nyumba ya kwanza, Yeyo."

"Kwanza, nani amesema?"

Nikaona Mzee ameanza kuangalia kisahani juu ya paa. Mimi bado sikuwa nimeelewa chochote, nilidhani ananiuliza mambo ya ufundi, na mtu akiniuliza ufundi najibu kwa roho safi. Nikamweleza: ukisimama langoni kama mgeni, mkono wa kulia ndio mwanzo, halafu unazunguka.

Akatoa miwani. "Watu wa simu wanahesabu hivyo?"

"Ndio, Yeyo."

"Kutoka lango? Mkono wa kulia?"

"Ndio. Hivyo ndivyo tulifundishwa."

Akamgeukia bwana yake. Hakupandisha sauti. "Umesikia? Mtu ametoka Kitengela na ngazi, anajua. Mkamba! Anajua. Ni wewe peke yako hujui."

Hapo nikaanza kuelewa, na nyinyi mliozaliwa kwenye maflati niwaelezee. Katika boma la Wamaasai, mke wa kwanza hujenga mkono wa kulia wa lango. Wa pili hujenga kushoto. Hakuna mtu anaandika, hakuna kibao. Mgeni akiingia anajua anaingia kwa nani. Mama Naisiae alipoolewa alijenga nyumba yake ya kwanza hapo kulia kwa mikono yake mwenyewe, fito, udongo na samadi. Wakati wa mabati alikaa hapo hapo. Halafu zikaja pesa za shamba, likaja lango la dhahabu upande wa barabara, zikaja nyumba za mawe, na mkono wa kulia akapewa mwingine. Alikuwa amenyamaza miezi yote hiyo. Boma zima lilikuwa linajua na limenyamaza. Ni paneli yangu tu iliyokosa adabu ikasema.

"Si mimi," Mzee akasema. "Ni yule mchoraji wa ramani. Alisema nyumba yako, ile yenye roshani, ikae kushoto kwa sababu ya choo. Eti maji machafu lazima yateremke."

"Kwa hivyo nilihamishwa na choo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Niliinamisha uso nikajifanya natafuta bisibisi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili havifai kwenye ofisi ya mteja.

Mzee akaruka juu. "Basi tubadilishe! Mwambie Mama Lemeki ahame, wewe uingie pale. Leo leo!"

"Yule ako na mtoto mchanga," Mama Naisiae akasema. "Moto ameshawasha mle, mtoto amezaliwa mle. Nimtoe niingie mimi? Ndio niwe nani?"

Mzee akaniangalia kwa macho ya kuomba, na mimi nikafanya kile kitu mafundi wote hufanya wakiona watu wanagombana: nikashika vifaa. Nikamwambia, "Yeyo, hii nambari si kitu kigumu. Hizi zinahama." Nikabonyeza kijilimi cha nyuma, tak, kijisoketi cha tundu la kwanza kikatoka. Nikatoa cha pili. Nikaingiza cha pili kwenye tundu la kwanza, nikabadilisha lebo. Haikuchukua hata muda wa kupuliza chai.

Mzee akapiga makofi. "Umeona! Sasa wewe ndio nambari moja!"

Mama Naisiae alikuwa ameangalia vidole vyangu wakati wote. Akashika ile waya nyuma ya paneli, akaifuata kwa kidole mpaka ilipoingia sakafuni.

"Na inaenda nyumba gani?"

"Ile ile, Yeyo."

"Ile ya kushoto."

"Ndio."

"Kwa hivyo umehamisha jina."

Alikuwa amesema kweli tupu. Hata nyinyi mkibadilisha waya mbele ya paneli, ile iliyo ukutani haijatoka mahali ilipo. Nilijua hiyo miaka mingi, lakini nilikuwa najua ya waya peke yake.

"Na nyumba, fundi? Hazina kijilimi cha kubonyeza?"

"Nyumba haitoki, Yeyo. Ni mawe."

Akatoka nje, akasimama uwanjani na mikono nyuma. Akaangalia nyumba ya kulia. Akaangalia nyumba ya kushoto. Kisha akageuka akaangalia ukuta wa nyuma, ule unaopakana na njia ya ng'ombe, na akakaa hapo akiuangalia mpaka mimi nikaanza kukusanya vifaa vyangu. Halafu akauliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza bei ya maziwa.

"Na lango?"

Sikuelewa. Mzee ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona akigeuka haraka kuliangalia lango lake la dhahabu.

Fikirieni wenyewe. Nyumba ziko pale pale, zimetazamana. Lakini toa lango upande wa barabara, ulipeleke ukuta wa nyuma. Mgeni sasa anaingia akitokea upande wa pili. Ile iliyokuwa kushoto kwake imekuwa kulia.

"Hapana," Mzee akasema. "Hapana, hapana. Huko nyuma ni njia ya ng'ombe! Nani ataliona? Hilo lango nimelitengenezea barabara!"

"Basi wageni wako wataingia kwa lango zuri," akasema Mama Naisiae, "na watanikuta kwa mabati." Akanishukuru, "Ashe oleng, fundi," akarudi kwake.

Sijawahi kuona mtu akibishana na lango lake. Mzee alizunguka lile lango mchana mzima. Analigusa pembe, anaenda, anarudi. Alikwenda kwa mchungaji, mchungaji akasema ataliombea jambo hilo. Alimuuliza mchoraji wa ramani kwa simu, yule akamwambia ni kazi kubwa, itabidi alipwe upya. Hapo nafikiri ndipo aliamua, kwa hasira ya kuambiwa hivyo.

Alhamisi asubuhi waashi walikuwa wameshika nyundo. Wakabomoa ukuta wa nyuma, wakaziba ule wa mbele. Mchomeleaji akaja na mashine yake kuinua ile milango, huku Mzee akimfuata nyuma kama mama anayebebewa mtoto na mtu asiyemjua. "Polepole! Pembe! Utavunja pembe!" Aliuliza hata kama vichwa vya fahali havingeweza kugeuzwa viangalie ndani, ili walau yeye awe anaviona. Mchomeleaji akamwambia fahali akiangalia ndani atakuwa amewapa wageni mgongo.

Aliyewaletea waashi chai mara nyingi kuliko mtu yeyote alikuwa Mama Lemeki, yule mdogo, na mtoto mgongoni. Nilimuuliza kama hana maneno juu ya haya mambo. Akaniambia, "Wewe unafikiri nilikuwa nalala vizuri pale? Kila mgeni akiingia ananisalimia mimi kwanza, na mwenyewe yuko pale kwenye kona anaona."

Ijumaa jioni lango likasimama mahali pake papya. Mama Naisiae hakungoja liguswe rangi. Akachukua kigoda chake mwenyewe, akachukua vibuyu, akachukua sanduku la shanga, akavuka uwanja. Akararua plastiki kwenye viti. Moshi wa kwanza ulipotoka kwenye ile nyumba Mzee alikuwa amekaa juu ya rundo la mawe, hajui acheke ama aomboleze lango.

Na mimi? Kazi yangu yote ilikuwa sekunde chache. Nilisimama kwenye lango jipya, nikahesabu. Kulia, Mama Naisiae. Tundu la kwanza. Kijisoketi kilikuwa tayari kimekaa pale. Kwa hivyo nyinyi mnaoniambia siku hizi eti paneli ni mambo ya wazee, hewa inabeba kila kitu, sawa. Bandikeni kisanduku chenu. Lakini mkifika kwenye boma la mtu, kabla hamjatoa kichimbio, simameni langoni muulize nani anaishi upande gani na kwa nini. Mimi nililipwa kwa waya, lakini jibu la hilo swali ndilo lilikuwa kazi.

Jumamosi nilialikwa kula. Wakwe walikuja na magari mawili kutoka upande wa Illasit. Tuliyasikia yakisimama barabarani mbele ya ule ukuta mbichi, yakipiga honi, yakishangaa. Mzee akajikuna shingo. Ilibidi mtu atumwe kuwazungusha, na magari mazuri yakaja kwa njia ya ng'ombe, kupitia kwenye josho na katikati ya mbuzi wale wale walaji wa mtandao, mpaka yakafika yamejaa vumbi na samadi. Mzee mkubwa wao akashuka, akajipangusa, hata hakuviangalia vichwa vya dhahabu. Akasimama kidogo langoni, mkono juu ya fimbo. Mzee Lekishon akafungua mdomo amwelekeze, lakini yule mgeni hakumngoja. Akakata kulia, na Mama Naisiae alikuwa amesimama mlangoni.